Kenge wa Kighuba cha Matete

Jua lilikuwa linakaribia kugusa maji ya ziwa pale Kigongo, Machibya alipobeba ndoo yake kwenda kukagua mitego. Kazi ya kawaida kwake. Alikwishahesabu nyumbu, popo, hata migunga, katika nchi za watu, na kote huko alichovuna kwa uhakika ni kitambi.

Safari hii alikuwa anahesabu kenge. Kenge humpangi mstari kama mwanafunzi. Unatega, unampaka alama kisogoni, unamwachia. Baadaye unatega tena. Ukiona wenye alama ni wachache kati ya uliowanasa, ujue huko mateteni wamebaki tele. Alama yake ilikuwa rangi ya kucha, nyekundu, aliyoinunua Igoma huku muuza duka akimcheka.

Alifikia kwa Teodora, mama mmoja aliyempa chumba, ugali na sharti moja.

"Kaka, tega kote, ila kile kighuba cha matete kiache. Kenge wa pale mama yangu hataki waguswe. Wala wahesabiwe."

"Sitawagusa, dada. Wakwe hawahesabiwi."

Teodora hakucheka. Aliridhika tu, maana mtu mzima amesema.

Wiki iliyofuata mitego ikaanza kutoka mitupu, na Machibya akaingia kighubani kimyakimya. Alinasa mmoja, jike zee, mkia umekatika ncha. Akampaka. Mnyama hakupigana. Alimtazama tu, kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyemkuta akidokoa chungu.

Tangu siku hiyo Bibi Kashindye, mama yake Teodora, hakuinuka kitandani.

Ndiyo maana jioni hii Machibya alikuwa anarudi kighubani. Alijiambia kwamba haamini mambo hayo. Lakini mfukoni alikuwa na dawa ya kufutia rangi.

Mtego ulikuwa mtupu. Matete yalitulia. Vyura nao kimya.

Halafu ikaja harufu... rangi ya kucha, mbichi kabisa.

Mtu alikuwa ameketi topeni, amempa mgongo, kanga imelowa.

"Shikamoo, mama," Machibya alinong'ona.

"Marahaba, baba. Umechelewa."

Alikuwa Bibi Kashindye. Yuleyule aliyemwacha ndani muda mfupi uliopita, akilishwa uji kwa kijiko.

Akainamisha kichwa, taratibu. Kisogoni, katikati ya mvi, palikuwa na doa jekundu.

"Nifute, baba. Wenzangu wamenikataa. Wanasema mimi sasa ni wako."

Machibya akaitoa chupa. Kizibo kikagoma... kikaachia.

Ndipo mwanga wa tochi ukatokea njiani.

"Kaka Machibya? Upo huko? Mama katoka kitandani, hujamwona?"

Angeitika tu. Angesema: nipo kighubani, nilikudanganya, njoo. Lakini miguu yake ilikuwa kwenye tope alilokatazwa, na ushahidi ulikuwa mkononi. Mtu mzima na kitambi chake, aonekane kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni?

Akachuchumaa nyuma ya matete.

"Baba..." ilinong'ona sauti, karibu sana.

Akafumba macho.

Maji yakalia chubwi.

Alipofumbua, topeni palikuwa na mburuzo wa mkia, basi.

Bibi Kashindye aliokotwa ufukweni asubuhi. Wanawake waliomwosha walimuuliza Teodora mama alianza lini kujipaka rangi kichwani. Teodora akasema labda ni wajukuu. Machibya aliyasikia yote, akiwa uani anapasua kuni za msiba bila kuombwa na mtu. Akazidisha shoka.

Siku ya kuondoka, Teodora alimfungia samaki wakavu wa njiani.

"Umetufaa sana, kaka. Mungu akuzidishie."

Machibya akawapokea kwa mikono miwili, bila utani.

Alipofika Igoma aliingia kwa kinyozi, kijana mmoja anaitwa Elias. Mashine ikapita utosini, ikashuka kisogoni. Ikazimwa.

"Mzee, nani kakupaka hii huku nyuma?"

"Ipi?"

"Doa. Jeusi, kama tope." Elias akasugua kwa spiriti, akasugua tena. "Halitoki. Halafu linanuka matete."

Machibya hakuomba kioo. Samaki wa Teodora walikuwa mapajani, bado wamefungwa. Kazi ya alama aliijua kuliko wote mle ndani: aliyeipaka hajamaliza kutega.