Gurudumu la Nne

Kila siku Tumpale aliporudi kutoka shuleni alivua sare, akala ndizi zake za kuchemsha, kisha akafagia uwanja mpaka ukabaki na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Alikuwa darasa la sita, na kazi za nyumbani hakuzionea uvivu. Ijumaa ile, hata hivyo, ufagio ulipumzika. Baba yake, Ambilikile, alimpa kazi ambayo hakuwahi kuifanya: kupaka rangi magurudumu ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu. Ilikuwa ile miaka ambayo maduka ya Kyela yalianza kujaa bidhaa, na watu wa kawaida wakaanza kujinunulia magari, yaliyotumika, lakini yao. Kwa pikapu hiyo Ambilikile alipeleka mchele Kasumulu, na matope ya njiani yalikuwa yamekaa kwenye magurudumu hadi chuma kikawa chekundu kama udongo. Hakuna aliyejali. Lakini kesho yake, Jumamosi, pikapu ilikuwa imchukue shangazi Keziya, dada mdogo wa baba, kwenda kufunga ndoa kanisani Ipyana. Bibi harusi na magurudumu yenye kutu, wapi na wapi? Naye Tumpale alikuwa ameahidiwa kukaa mbele kando ya shangazi, amshikie maua.

Mzee Ridhwani, jirani yao mwenye duka, alitoa nusu kopo la rangi ya fedha, akasema hiyo ni zawadi yake kwa bibi harusi. Baba akaliinua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo, akayafungua magurudumu yote manne na kuyalaza kivulini. Alimwonyesha binti yake namna ya kukwangua kutu kwa brashi ya waya, kusugua kwa msasa, kuosha kwa sabuni, kungoja pakauke, ndipo apake. Akamwonya kwamba akiruka kukwangua, rangi itabanduka kama ganda la kitunguu.

Bibi yake alikuwa barazani akipepeta mchele, mguu mmoja umefungwa kitambaa kwa sababu ya kidonda. Alipoona mjukuu wake anahangaika rangi isiguse mpira wa tairi, alimwambia akate jani la mgomba, alichane vipande, avichomeke kati ya chuma na mpira kuzunguka gurudumu lote. Rangi iliyomwagika ikaangukia jani, tairi likabaki jeusi.

"Kitendawili," bibi akasema.

"Tega."

"Hana meno wala tumbo, lakini anakula chuma."

Tumpale akacheka na kuinua mikono yake iliyojaa vumbi jekundu. "Kutu, bibi. Leo umenitegea kilichomo viganjani mwangu."

Kaka yake, Asajile, alipita akiwa na ndoo ya maji, akauliza anayeolewa ni shangazi au pikapu. Tumpale hakumjali. Gurudumu la kwanza lilimeta, la pili likameta, la tatu nalo likatoka kama sahani mpya.

Alipolikwangua la nne, chini ya kutu aliona mstari mwembamba kama unywele. Alidhani ni uchafu. Akausugua kwa msasa, haukutoka. Akapitisha ukucha, ukucha ukanasa. Ulikuwa ufa. Ulianzia kwenye tundu moja la nati ukafika kwenye tundu la pili.

Tumpale aliuweka msasa chini. Gurudumu la akiba lilikuwa limepasuka tairi tangu juma lililopita. Akimwambia baba, pikapu haitatoka. Shangazi atakwenda kanisani kwa baiskeli na gauni lake jeupe, na yeye hatashika ua hata moja. Alimtazama bibi, bibi alikuwa ameinamia ungo. Basi akachovya brashi ya rangi, akaupitisha mara moja, mara mbili. Ufa ukapotea.

Jioni rangi ilipokauka, baba aliyarudisha magurudumu, akarudi nyuma hatua tatu kuyatazama. "Ndaga fijo, mwanangu," alisema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa chao. Shangazi Keziya akamkumbatia na kusema vilevile. Bibi naye akasema ndaga fijo. Siku nyingine Tumpale angechuchumaa na kuitikia kwa heshima. Jioni ile kila ndaga ilimwangukia kama debe la mchele kichwani: la kwanza alilibeba, la pili likamwinamisha shingo, la tatu hakujua aliweke wapi.

Wakati wa kula, bibi akatega tena: "Nimemvika nguo safi, lakini bado anauma." Kisha akaucheka mguu wake mwenyewe uliofungwa kitambaa. Tumpale alijua jibu ni kidonda, ila alisema hajui, akaomba ruhusa akalale.

Asubuhi uwanja ulijaa akina mama na vigelegele. Keziya alikuwa amekwisha kukaa mbele, gauni limejaa kitini. Alimpa Tumpale maua kupitia mlangoni. Tumpale aliweka mguu mmoja ndani ya gari, akaushusha.

"Baba, usiwashe gari."

"Umesahau nini?"

"Gurudumu la nyuma, la kushoto, lina ufa. Niliuona jana, nikaupaka rangi."

Vigelegele vikakatika. Ambilikile alichuchumaa, akakwangua kwa ncha ya kisu. Rangi ya fedha ilidondoka, na ufa ukaonekana kutoka tundu hadi tundu. Aliposimama, hakumgombeza binti yake. Alisema tu kwamba gari hilo lingebeba watu tisa, na njiani kuna daraja.

Mzee Ridhwani, aliyekuja kumuaga bibi harusi, alisikia yote. Naye alikuwa na pikapu ya aina ileile, iliyolala nyuma ya duka injini ikiwa mbovu. Alikwenda kwake, akarudi akivingirisha gurudumu.

"Lina kutu," alisema, "lakini ni zima. Lifungeni, mwali asingoje."

Walifika Ipyana wamechelewa saa nzima, na mchungaji alikuwa bado anawasubiri. Watu walipoiona pikapu yenye magurudumu matatu ya fedha na moja la kutu, walicheka. Asajile alisema hilo la nne limekuja harusini bila kuoga. Tumpale alishuka na maua yake, uso chini, akatamani kujificha nyuma ya gauni la shangazi.

Bibi alimvuta karibu. "Kitendawili."

"Tega," Tumpale alijibu kwa sauti ndogo.

"Watoto wanne walikwenda harusini. Watatu wamevaa, mmoja hana nguo. Asingekuwapo huyo, harusi ingekuwa msiba."

Tumpale akatabasamu. Jibu la hicho alilijua.

Baba yake akamwekea mkono begani. "Jana nilikushukuru kwa ajili ya rangi," alisema. "Leo nakushukuru kwa kunieleza ukweli, na shukrani hii ndiyo kubwa. Rangi huficha ufa, haiuzibi. Ukikosea, sema mapema, tungali na nafasi ya kutengeneza. Na Mzee Ridhwani tutamrudishia shukrani kwa kazi: Jumatatu utamkwangulia na kumpakia rangi magurudumu yake yote manne."

"Ndaga fijo, baba," alisema Tumpale, akachuchumaa. Safari hii ndaga haikumlemea.