Anayemwita Asmahani Makaburini

Haya ni kweli tupu. Sikuhadithiwa wala sikuota, na asiyeamini aende Mkwaja akaulize.

Redio ilikoroma ndani ya Hilux nyeusi.

"Mkizi, unanipata?"

"Nakupata."

"Mkwaja wamegomea mradi wa Makazi Kijani. Wakubwa wanauliza nani anawachochea. Mtafute. Mnyamazishe."

"Kwa heri au kwa shari?"

"Utakavyoona."

Mkizi ndiye Nasma. Jasusi. Glock chini ya baibui, miwani inayopiga picha, hana haraka, hana rafiki.

Hakupata taabu kumpata. Bi Asmahani, mjane, mkuu wa kamati ya wagomaji, alikuwa ameketi kizingitini, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama umetumwa kunitisha, umechelewa. Nimeshatishwa."

Akaeleza. Serikali imeleta mradi wa nyumba za kutunza mazingira. "Wanafyeka mikoko, wanalima makaburi, halafu wanatuambia wanaipenda miti." Kijiji kimekataa kwa sababu yeye amekataa. Akitia dole gumba kwenye karatasi za kuhama, wote watatia. Na alasiri hii wanakuja na wino.

"Basi kataa."

"Nawezaje, mwanangu? Marehemu mume wangu ananiita. Kila saa saba mchana, kule makaburini. Anataka tuhame."

Nasma akatazama Casio yake. Saa saba kasoro.

Wakaenda.

Milango yote imefungwa. Saa ile ya jua la utosini, Mkwaja mtoto hatolewi nje. Upepo hakuna. Kunguru kimya. Vivuli vimejikunyata chini ya nyayo.

Kisha sauti.

Nzito, ya mzee mwenye pumu.

"Asmahani... Asmahani... tia dole... hameni..."

Nasma, ambaye aliwahi kumnyang'anya papa mkoba wake katikati ya mkondo wa Pemba, nywele zilimsimama.

"Ndiye?" akanong'ona.

"Ndiye. Pumu yake ileile." Bibi alikuwa analia. Halafu akakunja uso. "Ila siku zote nilikuwa nakimbia ikianza tu. Leo ndiyo kwanza nasikiliza."

"Umesikia nini?"

"Masoud hakupata kunitaja jina. Tangu nimzae Uweso, mimi ni Mama Uweso. Sokoni, chumbani, mpaka siku anakata roho. Mume gani wa huku anamtangaza mkewe kwa jina nje, watu wasikie?"

Nasma alisharuka.

Juu ya mkwaju, spika.

Nyuma ya mikoko, Prado. Ndani yake, Tahiri, mkandarasi wa mradi, na kompyuta mapajani. Sauti ya marehemu aliiokota kwenye video ya harusi, akaifundisha mashine iseme atakalo.

Tahiri akachomoa bastola.

Nasma akawahi. Risasi moja. Kompyuta ikafa.

"Nani kakutuma?"

"Wanaotaka gati la magendo, dada. Nyumba ni pazia tu."

Redio ikakoroma.

"Mkizi, mchochezi umempata?"

"Nimempata. Ni mkandarasi wenu."

Akazima. Akavaa miwani, akaondoa gari polepole, hakumuaga mtu.

Hapo ndipo nilipomalizia hadithi yangu, barazani Ngamiani, benchi zima likinisikiliza. Sikumwona aliyesimama nyuma yangu na kikapu.

"Jasusi gani?" akauliza Bi Asmahani. "Nilikwenda peke yangu. Spika niliiangusha kwa ufito wa kuangulia embe, na mwizi wa sauti akatoka mbio kwa miguu yake. Wenye wino walirudi na wino wao. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Muheza, nanunua machungwa.

"Mzee kanaswa," akasema Hatibu, muuza kahawa, tayari anapanga vikombe. Barazani petu, anayekamatwa kwa uongo hunywesha wote.

Nikawanywesha.

Bi Asmahani akaomba vikombe viwili. Kimoja akanywa. Cha pili akakiweka kando yake kwenye benchi, akakifunika kwa kiganja inzi wasiingie, na hakuna aliyemuuliza ni cha nani.