Mama Mkwe Aliyelala Bangoni

Ndugu zangu, kulikuwa na seremala ambaye nyumba yake ilijaa vicheko na vumbi la mbao. Hakuna kitanda kilichotoka karakanani kabla mama mkwe wake hajakilalia. Akisinzia chai yake ingali moto, kitanda kimefaulu. Akigeukageuka, kinarudi kwenye randa.

Seremala akafungua tovuti ya kuuzia vitanda, akaweka picha ya mama mkwe usingizini, kwa ruhusa yake. Kampuni ya kuhifadhi tovuti ikamletea masharti ya kurasa arobaini. Akabonyeza "Nakubali" huku akitafuta misumari. Usimcheke, nawe hukuyasoma.

Wiki ya tatu mama mkwe alirudi kutoka sokoni amefura.

"Baba, nimelala barabarani."

"Wapi, mama?"

"Kwenye bango, mdomo wazi. Limeandikwa: 'Tovuti yako imelala kama bibi huyu? Njoo kwetu.' Muuza nyanya kaniuliza nimeamka saa ngapi."

Mke wa seremala akaweka mwiko chini. "Mume wangu, mama yangu umemgawa?"

Mama mkwe akaanza kukunja kanga zake. Angerudi kwao, na asingerudi hapa mpaka bango lishuke.

Seremala akapiga simu. Mhudumu wa kampuni akamsomea kwa sauti tamu: "Ulikubali tutumie chochote utakachoweka, popote, milele, bila kukuuliza."

Mama mkwe akachukua simu. "Mwanangu, huyu nilimruhusu mimi, kwa duka lake. Nyie nimewaruhusu lini? Nilibonyeza wapi?"

Kesho yake bango likashuka. Lakini picha za vitanda kampuni inazitumia mpaka leo.

Seremala akahamia kampuni nyingine. Safari hii masharti yalisomwa sebuleni kwa sauti, mama mkwe akikatiza: "Hapo rudia." Kanga zikarudi kabatini. Sasa mama mkwe hupigwa picha baada tu ya seremala kutia sahihi karatasi aliyoiandika mama mwenyewe: kitanda hiki, tovuti hii, mdomo umefungwa.

Funzo

Wenzangu, ukiona "chochote", "popote" na "milele" katika sentensi moja, ondoa kidole kwenye kitufe. Soma, uliza, ukishindwa hama. Cha mwenzio usikitoe kwa niaba yake. Nanyi wenye kampuni, ombeni mnachohitaji tu, tena kwa lugha tunayoielewa. Msipofanya hivyo, tunaye mama mmoja hapa, na namba yenu anayo.