Uzio wa Amran

Suk Mugdi, soko ambalo nusu ya Garissa hununua mboga na vyombo, halina subira na mtu anayesimama katikati ya njia. Bonaya alisimama. Alikuwa na sare ya kijani ya askari wa wanyamapori, buti nyeupe kwa vumbi, na mkononi ameshika karai la plastiki akiligeuzageuza kama anayenunua mbuzi.

"Kaka, nunua au upite," Amran alimwambia kutoka nyuma ya kreti zake za nyanya. "Unanizibia wateja."

"Samahani, dada. Natafuta karai ambalo twiga hatalivunja kwa kwato."

Amran alicheka mpaka mtandio wake wa zambarau ukateleza. "Na kijiko umeshamnunulia?"

"Cheka tu. Kwa ukame huu wanakuja mpaka milangoni mwa watu kutafuta maji. Mimi ndiye mama yao."

"Mama mwenye ndevu. Chukua la bati, hilo ni la kufulia nguo."

Walizungumza Kiswahili kwa sababu Bonaya, Mborana wa upande wa Wajir, alikuwa na Kisomali kilichomchekesha Amran kupita kiasi. Kabla karai halijalipiwa walikuwa wamepeana namba. Mapenzi ni kikohozi, na mwezi ule watu wote wa Iftin, mtaani kwake, walimsikia Amran akikohoa.

"Umekula?" alikuwa akimuuliza kwenye simu.

"Nimekula vumbi."

"Maskini twiga wangu."

"Twiga wako ana njaa ya sauti yako. Sema chochote, hata bei ya vitunguu."

Siku moja Amran alimwalika shambani kwake, kando ya mto Tana, ambako adeer Korane, ndugu ya marehemu baba yake, aliwapikia chai ya maziwa ya ngamia. Amran alivaa dira mpya ya buluu, lile gauni refu la Kisomali. Bonaya alikunywa chai, akatembea kando ya uzio wa waya mpaka mwisho wake, akarudi kimya. Amran akadhani dira imemmaliza maneno.

Baada ya hapo simu za Amran hazikupokelewa. Alipiga asubuhi, akapiga jioni, akajiambia mtandao wa porini ni mbovu. Kisha Korane akaja na habari: twiga mchanga alikutwa amekufa nje ya shamba, waya umemzonga mguu, na wazee wameitisha baraza.

Walikutana kwenye darasa la madrasa. Bonaya alisimama kama shahidi, macho ukutani.

"Pale palikuwa malka," alisema, "njia ya kushukia mtoni, ya mifugo na ya wanyama wa porini. Malka haina mwenyewe. Uzio wa Amran umeiziba. Yule twiga alikuwa anafuata maji."

Masikio ya Amran yaliwaka moto. Wazee hawakumfokea. Walimwomba tu aifungue njia, ingawa walijua ingepita katikati ya nyanya zilizokuwa zimechanua, sehemu bora ya shamba lake lote. Wakampa mpaka Ijumaa ajibu.

Alimkuta Bonaya nje. "Ulikuja kunywa chai yangu au kukagua uzio wangu?"

"Nilikuja kwa ajili yako. Uzio niliuona nikiwa pale, na kesho yake nikamkuta twiga amekufa. Amran, kwetu shahidi hazungumzi na mwenye kesi kabla ya baraza. Ni aibu. Ningepokea simu yako, wangesema ushahidi wangu umenunuliwa."

"Na kwetu ni aibu mwanamke asikie habari zake mara ya kwanza mbele ya wanaume darasa zima. Usinipigie tena."

Alilia kwa hasira siku mbili. Alimpenda, na lililomuuma zaidi ni kwamba hakuwa amesema uongo.

Siku ya tatu alikwenda kuutazama uzio kwa upande wa nje, upande ambao hakuwa na kazi nao. Nyayo za twiga zilifuata waya mpaka kona, zikarudi, zikaenda tena, ardhi imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu. Maji yalionekana kutoka pale. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na Amran alikuwa ameshiba maji msimu mzima.

Alipeleka jibu kwa wazee, kisha akampigia Bonaya simu.

"Lete koleo," alisema, akakata.

Bonaya alifika na pikipiki, bila kofia, shati amelifunga vifungo vibaya. Wakang'oa nguzo na kukunja waya. Jua lilipopoa, twiga watatu wakatoka kichakani. Walisita mahali uzio ulipokuwa, wakaingia, wakakanyaga nyanya moja kwa moja. Jike akapanua miguu ya mbele, akainamisha shingo, akanywa.

"Inaniuma," Amran alisema, akitazama maua yaliyolala chini.

"Najua."

"Hujui. Wewe hujapanda hata mchicha."

"Kweli," Bonaya alikubali. "Nisamehe kwa zile simu. Kwa ushahidi siwezi kuomba radhi."

Amran alimtazama. Hilo ndilo lililokuwa limemnyima usingizi, na alitaka kulimaliza palepale.

"Ukinikuta na kosa tena, utaninyamazia tena mpaka barazani?"

"Shahidi ni shahidi, mpenzi. Nitanyamaza."

"Na kwenu, mume anaruhusiwa kutoa ushahidi juu ya mkewe?"

Bonaya aliweka koleo chini. Alifikiri, kwa sababu hakuwa mtu wa kujibu swali la sheria ovyo.

"Hapana. Hawamkubali. Anaambiwa akae nje."

"Basi tuma wazee wa kwenu kwa adeer Korane," Amran alisema. "Ukae nje, na uniambie mwenyewe, nyumbani, kabla hawajaniambia wao."