Bunduki ya Karibu na Mlango

Waongo hupenda kuweka majini yao makaburini. Hili langu mimi lilikaa kituo cha polisi, mchana kweupe, ndani ya ghala la silaha.

Sajenti mmoja, ambaye wenzake walimwita Magoti kwa jinsi magoti yake yalivyolia akiinuka, alikuwa ameshinda zamu siku kumi na mbili bila mapumziko. Asubuhi hiyo bunduki yake ilikuwa kwenye rafu ya chini. Kuinama, hapana. Akachomoa iliyokuwa karibu na mlango, akasaini.

Ilikuwa na joto, kama kiti alichotoka kukalia mtu. Ilinuka jasho lisilo lake. Hakujali, mchovu hanusi.

Barabarani yeye na konstebo wake kijana wakasimamisha gari dogo: baba mmoja mbele, bintiye nyuma. Konstebo akaomba leseni. Yule baba, jasho likimchuruzika, akapeleka mkono chini ya kiti.

Hapo kitako cha bunduki kikamnong'oneza Magoti shavuni, kwa upole, kama mke anayekuamsha: “Anatoa. Mwahi.”

Na Magoti, miaka ishirini na saba kazini bila kumpiga mtu risasi, akaona mkono ule unarefuka, akaona chuma kinang'aa pasipo na chuma, akahisi kidole kingine, chembamba, cha baridi, kimekaa juu ya chake kama mwalimu anayemshika mtoto kuandika, kinakivuta, kinakivuta, naye akajua kwamba akipumua tu yule binti ni yatima.

Akayaachia magoti. Alianguka kama gunia, bunduki ikaenda mtaroni.

Yule baba akainua miwani. “Samahani, afande. Bila hii hata leseni yenyewe siioni.”

Kituoni, mtunza ghala akamvuta pembeni. Akamweleza kwamba bunduki ile ilimuua mtu aliyekuwa anatoa leso, na kwamba kila aliyeishika tangu hapo amesikia sauti.

“Na mnaiacha hapo?”

“Nimejaza fomu ya kuiondoa mara tatu, mzee wangu. Inataka sababu. Niandike jini?”

Magoti akaenda kwa mkuu, akasema yote. Mkuu akamsikiliza kwa huruma, akamwambia amechoka, akampa likizo ya siku tatu. Alipaswa kubisha. Alipaswa kulala mlangoni mwa lile ghala. Lakini likizo alikuwa ameiomba tangu mwaka juzi, na kitanda kilikuwa kinamwita.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, konstebo wake akampigia simu.

“Mzee, wamenipa ile uliyoiangusha. Watu wanasema maneno tu. Nyepesi, ina joto kidogo, inakaa mkononi yenyewe.”

“Mwanangu, iweke chini.”

“Subiri, mzee. Kuna gari linasimama.”

Simu ikabaki wazi. Magoti akasikia kioo kikishushwa, salamu, kisha konstebo akiomba leseni. Akaita, hakuna aliyemsikia. Akakaa ukingoni mwa kitanda akimwomba dereva yule, yeyote awaye, aache mikono yake juu ya usukani.