Waya Ulioishia Njiani

Fabian Ochieng alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji ya kibanda chake pale Kondele, Kisumu. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka mbele, na vidole bado vimeshika kijiti cha plastiki, kile cha kuchomekea nyaya ndani ya dari ya gari. Alikuwa amepigwa kisogoni mara moja tu.

Inspekta Wesonga alichuchumaa kando yake. Ilikuwa Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, na damu ilikwishaganda. Nje, wauza mitumba walikuwa wakipanga nguo huku wakinyoosha shingo waone. Kwenye rafu, kamera ndogo za magari zilikuwa zimepangwa safu tatu, zote zikiwatazama, na hakuna hata moja iliyokuwa imewashwa. Ndiyo dunia hiyo: mtu anauza macho, na siku ya kufa kwake hakuna jicho hata moja lililo wazi.

"Nini kimeibwa?" Wesonga aliuliza.

"Hakuna, Afande," alijibu Konstebo Rachael, mtaalamu wao wa kompyuta na simu. "Pesa ziko kwa droo. Simu iko. Kompyuta iko, lakini imefungwa kwa nywila."

"Ifungue."

"Nipe siku mbili."

Aliyeuona mwili kwanza alikuwa jirani, Okello, kijana wa kubandika karatasi nyeusi kwenye vioo vya magari. Polisi walipofika walimkuta amempakata marehemu mapajani, amepakaa damu hadi viwiko, nao wakaurudisha mwili chini kama Okello alivyosema aliukuta. Tena wiki iliyotangulia mtaa mzima ulikuwa umemsikia akigombana na Fabian juu ya ukuta unaotenganisha vibanda vyao, akimwambia siku moja atamuonyesha. Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi ya hayo. Okello alitiwa pingu papo hapo. Jumanne mahakama iliwapa polisi siku mbili za kukamilisha uchunguzi, na Alhamisi asubuhi Okello angesomewa shtaka la mauaji.

Wesonga hakuridhika, na mtu huyu alikuwa na tabia mbaya ya kutolala asiporidhika.

Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilisema Fabian alipigwa kwa chuma Jumapili, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, kutoka nyuma. Chini ya kucha zake daktari alikuta nyuzi kuukuu za kitambaa cha rangi ya maziwa. Wesonga alizitazama sana zile nyuzi. Kitambaa cha namna hiyo hushonewa dari za magari ya zamani. Basi Fabian alipigwa akiwa ameinama mlangoni mwa gari lililoingizwa kibandani, mikono juu, anaficha waya. Na gari lenyewe halikuwapo.

"Okello hana gari," alimwambia mkuu wa kituo. "Hana hata baiskeli."

Mkuu wa kituo alimjibu kwamba ana mshukiwa mwenye damu mikononi na vitisho mdomoni, na kama anataka kutafuta gari, atafute hadi Alhamisi. Baada ya hapo asimsumbue.

Okello alikuwa ameketi kwenye kona ya chumba cha mahojiano, ameshika tama. Wesonga alimsogezea kikombe cha chai.

"Jumapili saa tisa ulikuwa wapi?"

"Kwangu, Obunga. Nilikuwa nimelala."

"Nani alikuona?"

"Nani ataniona, Afande? Naishi peke yangu."

 Jibu hilo lilimchoma Wesonga mahali asipopatarajia. Yeye mwenyewe tangu mkewe aondoke na watoto kurudi Busia, miaka minne sasa, huiacha redio ikiongea kila asubuhi anapotoka, ili jioni akifungua mlango wa chumba chake akute mtu anazungumza. Angeulizwa alikuwa wapi Jumapili yoyote ya mwaka huu, naye asingekuwa na shahidi.

"Ulimtishia."

"Nilimtishia. Lakini si tulikula pamoja siku iliyofuata? Muulize yule mama anayetupikia samaki wa omena. Fabi alikuwa ndugu yangu." Okello alijipangusa macho kwa mikono yote miwili iliyofungwa pingu. "Nilimshika nikidhani ako hai."

"Jumapili Fabian alikuwa na kazi?"

"Moja tu. Alifungua kwa ajili ya mzee fulani wa kilemba. Yule mzee alikuja mara tatu kuchagua kamera, akachosha watu. Wateja wengine wanauliza kama inaona namba ya gari usiku, kama inarekodi gari ikiwa imeegeshwa. Yeye hakuuliza hayo. Alitaka kujua kama ina spika ya maana. Fabi alimwonyesha ya mbele na nyuma, akakataa. Alimwonyesha ya kuangalia ndani, akasema hiyo tu, bora isikike."

"Jina lake?"

"Sijui. Ana Pejo ya zamani, nyeupe."

Wesonga alifunga daftari. Akageukia mlangoni, kisha akarudi.

"Fabian angeweza kumwachia mteja aondoke kabla waya haujaisha kufichwa?"

Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, Okello alikaribia kucheka.

"Fabi? Hapana. Waya ukining'inia alikuwa anasema ni kama kutoka nje na zipu wazi. Alikuwa anaupitisha juu ya kioo, anauingiza darini, anaushusha kwa nguzo ya mlango, hadi kwa fyuzi. Huuoni popote. Mteja akilia amechelewa, shauri yake. Gari yenye waya nje haijawahi kutoka pale."

Basi Wesonga akajua anachotafuta: Pejo nyeupe yenye waya ulioishia njiani.

Jumatano adhuhuri Rachael alimwita. Kompyuta ilikuwa imefunguka. Fabian alikuwa mtu wa utaratibu: kila mteja aliyemletea kadi ya kumbukumbu ya kamera yake ya zamani, alinakili kwanza kila kitu kilichokuwamo, ndipo akaifuta kadi iingie kwenye kamera mpya ikiwa safi. Rachael alikuwa amehesabu wateja tisini kwa mtindo huohuo. Folda ya mwisho iliitwa "Mzee wa Pejo," nayo iliwekwa Jumapili saa tisa na dakika ishirini.

"Sikiliza, Afande."

Hapakuwa na la kutazama: kioo cha mbele na barabara ya kandokando ya ziwa, ng'ombe wakivuka, magugu maji yamejaa hadi ukingoni. Lakini ndani ya gari mwanamke mzee alikuwa akiongea Kipunjabi bila kupumzika, akilalamika, akicheka, akiimba kidogo, kisha akilalamika tena. Wesonga hakuelewa neno, ila mawili yaliyojitokeza kila baada ya dakika chache: "Tuta. Polepole."

"Faili mia moja na kumi na mbili," Rachael alisema. "Zote ni huyu mama. Ya mwisho ni ya Februari."

Wesonga aliomba zinakiliwe kwenye simu yake ya kazi. Hakumwambia Rachael sababu, na pengine hata yeye alikuwa hajaijua vizuri.

Kumpata mwenye gari hakukuwa kazi. Siddharth, muuza vipuri karibu na soko, alimwambia kwamba Pejo nyeupe za namna hiyo zinazotembea Kisumu ni mbili, na moja ni ya padri. Nyingine ni ya Baldev Singh wa Milimani, fundi mstaafu wa mitambo ya viwanda vya sukari. Mkewe alifariki mwezi wa pili, Siddharth akaongeza, na tangu hapo mzee haonekani hekaluni wala sokoni. Mwanzoni watu walimpelekea chakula, kisha wakazoea.

Nyumba ilikuwa kubwa, madirisha yote yamefungwa isipokuwa la jikoni. Kupitia hilo, kwenye kibao cha kukaushia vyombo, palionekana kikombe kimoja, sahani moja na kijiko kimoja. Baldev Singh mwenyewe aliwafungulia mlango, Wesonga na askari wawili. Alikuwa mzee mrefu, ndevu zake nyeupe zimechanwa vizuri, shati limefungwa kifungo cha juu. Hakuuliza polisi wanataka nini. Aliwaonyesha gari lilipo.

Wesonga alifungua mlango wa dereva. Dari ilikuwa ya kitambaa cha rangi ya maziwa. Juu ya kioo palikuwa na kamera mpya, na waya wake ulipita ukingoni umefichwa kwa ustadi, huuoni kabisa, hadi juu ya mlango. Hapo ukatoka na kuning'inia hadi kwenye usukani. Kwenye kiti cha abiria palikuwa na mtandio wa buluu, umekunjwa, umefungiwa mkanda wa usalama.

"Mzee," Wesonga alisema taratibu, "tutahitaji kuongea kituoni."

"Nimewangoja tangu Jumapili," Baldev alisema. "Nilidhani mngekuja upesi zaidi."

Spana aliyompigia Fabian aliitoa mwenyewe kwenye sanduku la vifaa la gari. Alikuwa ameifuta, lakini si sana.

Kituoni, Wesonga alimweleza haki zake: ya kunyamaza, ya kuwa na wakili, na kwamba akitaka kukiri, maungamo rasmi yataandikwa na afisa mwingine, si yeye, mbele ya mtu atakayemchagua mwenyewe. Mzee alisema ameelewa. Binti yake yuko Kanada, akasema, na kule sasa ni asubuhi mapema, asiamshwe.

"Kuna kijana yuko seli kwa ajili yako," Wesonga alimwambia. "Kesho anasomewa mauaji."

Mzee aliinua uso. "Kijana gani?"

"Jirani wa Fabian. Alimkuta, akampakata."

Baldev Singh alitikisa kichwa mara nyingi. Hakujua. Nyumbani kwake hakuna gazeti wala mtu wa kumletea habari. "Mwache aende," akasema. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

 Mzee akasimulia, macho mezani. Kamera ya kwanza aliinunua mwaka juzi, mkewe Pushpa alipoanza kwenda hospitali mara mbili kwa wiki, maana barabara ina wendawazimu wengi. Hakujua kwamba inarekodi sauti. Alijua baada ya mazishi, alipobonyeza kitufe akitaka kuizima, na Pushpa akaanza kumgombeza mle ndani ya gari. Akasoma kijitabu chake. Kikasema kadi ikijaa, kamera hufuta ya zamani na kurekodi mpya juu yake. Kila safari angekwenda ingemfuta kidogo. Hivyo akaacha kuendesha. Jioni alikaa ndani ya gari lililozimwa, akasikiliza, akaingia kulala. Miezi saba. Halafu betri ya kamera ikavimba, ikafa.

"Ndiyo ukaenda kwa Fabian."

"Nilitaka yenye spika. Niweke kadi yangu, nisikie."

"Ulimwambia nini kilikuwa kwenye kadi?"

"Hapana." Mzee alifumba macho. "Ningemwambiaje? Kwamba mzee mzima anakaa ndani ya gari anaongea na marehemu? Niliona haya. Nilimpa kadi tu, nikasema itumie hii."

"Kisha?"

"Alikuwa na kompyuta yake pale, anafanya kazi yake, mimi sikutazama. Akaweka kamera, akaanza waya. Anaimba kidogo. Nikamuuliza, kadi iko? Akasema, iko, Mzee, nimeifuta yote, iko safi kama mpya. Nikauliza, yote? Akasema, yote. Spana ilikuwa mkononi, nilikuwa nimemshikia. Inspekta, Pushpa alikufa mara ya pili. Mara ya kwanza niliita majirani, tukalia. Mara ya pili ningemwita nani?"

Wesonga aliacha kuandika.

"Fabian alisema neno lingine?"

"Alianza. Akasema, 'Lakini, Mzee...' Sikungoja."

 Wesonga alikuwa na uwezo wa kunyamaza. Ungamo alikuwa nalo, spana alikuwa nayo, waya ulikuwa umepigwa picha. Kwa sheria hakudaiwa kitu. Alifikiri pia juu ya Fabian, ambaye mama yake alikuwa bado anamlilia nyumbani Kaloleni, kijana asiyeachia gari liondoke na waya nje, na ambaye alikatizwa neno moja kabla ya lile lililokuwa la maana. Aliona neno hilo si lake kulizuia. Lilikuwa la Fabian.

Alimwita askari mlangoni, akamwagiza apeleke ujumbe kwa mkuu wa kituo kwamba Okello afunguliwe pingu na karatasi zake ziandaliwe jioni hiyohiyo. Kisha akaiweka simu mezani, katikati yao.

"Fabian alikuwa na desturi," akasema. "Kabla ya kufuta kadi ya mteja, alikuwa ananakili. Kila kitu. Nafikiri hilo ndilo alilotaka kukwambia."

Mzee alimtazama kama mtu asiyejua Kiswahili. Wesonga akabonyeza.

Injini ya Pejo ilinguruma. Mwanamke akakohoa, akasema kitu cha kuchekesha, akajichekea mwenyewe. Baldev Singh hakulia. Aliweka mikono miwili juu ya meza, upana wa usukani, na akakaa wima. Sauti ikaendelea kulalamika, labda juu ya jua, labda juu ya bei ya nyanya, kisha ikakatika ghafla.

"Tuta," Pushpa alisema. "Polepole."

Chini ya meza, mguu wa kulia wa mzee ulikanyaga sakafu taratibu, ukatulia pale.

"Mimi nilikuwa sioni matuta," akasema. "Ni yeye aliyekuwa ananiambia."