Ukungu wa Upande wa Kulia

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa na kazi tatu katika studio ya mama: kufagia, kufuta vumbi kwenye kiti cha wateja, na kuwaambia watu wa picha za pasipoti wainue kidevu. Kazi ya nne sikupewa na mtu, lakini niliifanya kuliko zote, nayo ni kuhangaika. Nikisimama, mguu unacheza. Nikikaa, kidole kinagonga meza. Ndiyo maana mtaa mzima uliniita Cheche, na mama alizoea kuwaambia wateja, "Huyu hata akilala, shuka ndiyo inayochoka."

Jumamosi hiyo mama naye hakutulia. Lenzi yake ya kupigia picha za makundi ilikuwa imekufa. Pete ya kulengea, ile unayoizungusha ili picha iwe wazi, ilikwama katikati ya juma, na fundi aliitazama akatikisa kichwa. Jumatatu mama alitakiwa shuleni kwetu kupiga picha ya darasa letu, darasa la mwisho, sote themanini na wawili. Kazi hiyo aliiomba kwa mwalimu mkuu miaka miwili mfululizo. Picha ikiharibika hakuna kurudia, maana wiki hiyo hiyo tulikuwa tunamaliza shule na kutawanyika.

Saa tatu akaingia muuza kamera za mitumba. Sisi tulimwita Chapchap kwa sababu neno hilo halikuisha mdomoni mwake. Akafungua mkoba, akaweka mezani lenzi nyeusi inayong'aa utadhani imetoka kiwandani jana.

"Dada, hii ndiyo yenyewe. Nakuachia mpaka saa tisa uijaribu," akasema. "Ila kuna mteja mwingine anaitaka. Nikirudi unipe jibu chapchap."

Mama aliigeuzageuza lenzi kwenye mwanga, lakini alikuwa na picha za harusi za kupeleka upande wa pili wa mji. Akaniita.

"Cheche, sikiliza kwa masikio yote mawili. Bandika magazeti manne ukutani, yakae bapa. Weka kamera kwenye stendi, ielekee ukuta wima kabisa. Fungua lote tundu la lenzi linalopitisha mwanga, halafu itege kamera ihesabu na kujipiga yenyewe, usiiguse. Kisha ikuze picha, usome. Katikati kila lenzi inaona. Mimi nataka pembeni. Ukiweza kusoma matangazo madogo katika pembe zote nne, lenzi ni nzima."

"Sawa, mama."

"Kwa stendi."

"Nimesikia, mama. Kwa stendi."

Alipotoka tu, nikabandika magazeti. Hilo nililifanya vizuri, nadai sifa zangu. Tatizo lilikuwa stendi. Miguu yake ilikuwa mitatu, na mmoja ulikuwa mkorofi. Skrubu yake ililegea, kwa hiyo lazima uufunge kwa mpira, uupime, uteleze, uufunge tena. Niliufunga mara mbili, ukateleza mara mbili. Mara rafiki yangu Mlingoti akachungulia mlangoni. Tulimwita hivyo kwa urefu wake, na katika timu yetu ya netiboli yeye ndiye aliyekuwa mfungaji.

"Cheche! Kocha ameanza kuhesabu watu! Atakayechelewa hachezi Jumatano!"

Nikaitazama stendi. Nikamtazama Mlingoti. Nikainyakua kamera mkononi, nikabana viwiko kifuani, nikapiga picha tatu.

Nikazikuza. Katikati maandishi yalikuwa safi kabisa. Kushoto safi. Kulia kulikuwa na ukungu, herufi zimevimba na kuingiliana, hakuna neno linalosomeka. Picha ya pili, ukungu kulia. Ya tatu, hivyo hivyo.

"Mkono huu!" nikajilaumu. Nani asiyejua kwamba mkono wangu hautulii? Nikaona nikiziacha picha zile, mama atajua sikutumia stendi. Nikazifuta zote tatu, nikairudisha lenzi kwenye kitambaa chake, nikamkimbilia Mlingoti.

Niliporudi saa saba na nusu, mama alikuwa ameshafika, anakunywa maji amesimama.

"Umekagua?"

"Nimekagua."

"Kwa stendi?"

"Kwa stendi, mama."

"Pembe zote?"

"Zote. Picha nimezifuta, kadi ilikuwa inajaa." Uongo wa kwanza ulinipa taabu kidogo. Huu wa tatu ulitoka wenyewe, hata mimi nikashangaa.

Mama akashusha pumzi, uso ukamlainika. "Ahsante, mwanangu. Leo umenitua mzigo." Hakuishika hata lenzi. Alifungua kabati, akatoa bahasha aliyokuwa akiwekea akiba yake, akaiweka mezani kumsubiri Chapchap.

Basi hapo ndipo nilipohangaika kweli. Nilifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Nikapanga fremu kwa ukubwa, nikazipangua, nikazipanga kwa rangi. Nikaenda mlangoni, nikarudi. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane na nusu, na sikuwahi kuiona ikienda mbio namna ile. Moyoni nilijiambia: lenzi ni nzima, ni mkono wangu tu. Kisha nikajiuliza: umejuaje?

"Leo una nini?" mama akauliza. "Hata kwako wewe, hivi imezidi."

"Sina kitu."

Alikuwa ameinamia karatasi akichora mistari ya picha ya Jumatatu. Wafupi mbele, wameketi. Wa kati nyuma yao. Warefu juu ya benchi. "Rafiki yako Mlingoti nitamweka huku," akasema, akitia alama kwa penseli. "Mstari wa nyuma, mwisho kabisa, kulia. Bibi yake aliniambia hana hata picha moja ya mjukuu huyo. Ameshanunua fremu."

Kulia. Niliona herufi zile zilizovimba, halafu nikauona uso wa Mlingoti ukivimba vivyo hivyo ndani ya fremu ya bibi. Nilitaka kukimbia na nilitaka kusema, na miguu yangu haikujua ifuate lipi.

"Mama," nikasema. "Sikutumia stendi."

Penseli ikasimama.

Nikamwaga yote bila kupumzika: mguu mkorofi, kocha, picha tatu, ukungu, kufuta. Nilimaliza nikiwa nalia. Mama hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Aliitazama bahasha, akaitazama saa, akairudisha bahasha kabatini.

"Imebaki nusu saa," akasema. "Lete stendi."

Tuliufunga ule mguu pamoja, mimi nikivuta mpira, yeye akikaza skrubu. Akaisogeza kamera mpaka ikaelekea ukuta wima kabisa. Akafungua tundu lote, akabonyeza, tukarudi nyuma hatua mbili tukiwa tumekunja mikono. Kamera ikahesabu, ikajipiga. Mama akaikuza picha, akaanza kusoma kwa sauti. Juu kushoto: "Chumba kinapangishwa, maji ndani." Chini kushoto: "Mbuzi wawili wamepotea." Akahamia juu kulia, akanyamaza. Akavaa miwani. Akaikuza picha zaidi.

Ukungu ulikuwepo. Palepale.

"Kwa hiyo si mkono wangu?" nikauliza, na nakiri, nilifurahi kidogo.

"Subiri. Labda ukuta ndio mbaya, au gazeti limejikunja." Akailaza kamera ubavu juu ya stendi, upande wake wa kulia ukatazama sakafu, akaisogeza stendi nyuma kidogo ili magazeti yote yaenee. Ikajipiga tena. Sasa upande wa kulia wa magazeti ulisomeka vizuri, lakini chini kote kulikuwa na ukungu.

"Unaona? Ukuta haujahama. Ukungu umehama pamoja na lenzi. Ugonjwa uko ndani ya lenzi." Akavua miwani. "Na mkono ukitikisika, Cheche, picha nzima inaharibika, haichagui upande. Ungeniachia zile picha zako tatu, hata hizo za kuvunja amri, ningeziona nikajua palepale. Wewe ukazifuta."

Furaha yangu ikaisha. Lenzi ile ilikuwa imenieleza ukweli mara tatu, nami nikaunyamazisha mara tatu ili nisigombezwe.

Chapchap aliingia saa tisa kasoro, tayari ameunyoosha mkono. "Dada, vipi? Tufunge biashara chapchap?"

"Shikamoo," nikamwamkia, kwa sauti ndogo.

"Marahaba, marahaba. Dada?"

"Kaka, keti kwanza," mama akasema, akamwekea kamera mbele. "Nisomee hapa, pembeni kulia."

Chapchap akakaza macho. Akaisogeza kamera, akairudisha. "Nani alipiga? Huyu? Aa, dada! Mtoto huyu mji mzima unamjua. Hata akipiga picha ya mlima, atautikisa mlima."

Wakati mwingine ningecheka. Siku hiyo uso ulinichoma.

"Hakuna aliyeishika," mama akajibu taratibu. "Ilijipiga yenyewe. Nikailaza, ikajipiga tena. Tazama na ya pili."

Alitazama ya pili kwa muda mrefu kwa mtu anayeitwa Chapchap. Kisha akaichukua lenzi, akaipeleka mlangoni kwenye jua, akapitisha kucha kwenye ukingo wa mbele. Kucha ikakwama.

"Ilianguka hii," akasema, sauti imemshuka. "Yule bwana aliyeniuzia aliniapia haijawahi kuanguka, nami sikuijaribu. Niliona inang'aa, nikaichukua haraka." Akakuna kichwa. "Samahani, dada. Ninayo nyingine, ila nilikuwa naona haya kuitoa."

Kutoka chini ya mkoba akatoa lenzi iliyobanduka rangi, imezungushiwa utepe wa gundi, mtu ameandika jina lake juu yake kwa kalamu likafutika nusu. Mama akaipokea, kisha akanisogezea mimi.

"Kagua."

"Mimi?"

"Wewe."

Nikaifunga kwenye kamera. Mguu mkorofi ukateleza, nikaufunga upya. Chapchap akaanza kusema lile neno lake, mama akamtazama, naye akalimeza. Nilihesabu pumzi zangu ili nisicheze. Kamera ikajipiga. Nikasoma pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya chini kulia, upande uliotuhangaisha mchana kutwa. "Mashine ya kushonea inauzwa," nikasoma kwa sauti, "mwenye kuihitaji afike dukani." Nikailaza kamera ubavu, nikasoma zote tena.

"Ni nzima, mama. Picha zipo, sijafuta hata moja."

Mama alizipitia moja moja, kisha akaenda kabatini kuchukua bahasha.

Chapchap alipoondoka, mama alinikalisha kwenye kiti cha wateja. "Nakuadhibu. Wiki mbili utakuwa unafika hapa saa moja asubuhi na kuifunga stendi hii mpaka uifunge ukiwa umefumba macho," akasema. "Na nisikilize. Mkono wako ukitikisika sina hofu, nina stendi. Mguu ukicheza, utakua utatulia. Lakini neno lako likitikisika, mwanangu, nitalisimamisha kwa kitu gani? Kosa ukinionyesha tunalitengeneza wote wawili. Ukilifuta, linabaki peke yake linaharibu."

Nilichukua mpira wa mguu mkorofi nikaanza mazoezi.

Jumatatu tulipangwa uwanjani, wafupi mbele, warefu juu ya benchi. Mlingoti alikuwa mwisho kulia, ametiwa mafuta na bibi yake mpaka anameremeta. Mama aliinama nyuma ya kamera, halafu akainua kichwa, akaniita mbele ya darasa zima.

"Cheche! Stendi umeikagua?"

"Nimekagua, mama! Miguu yote mitatu!"

Watu wakacheka. Mama hakuchutama kuupima ule mguu. Alinitazama tu, akarudi kwenye kamera, akapiga.

Jioni tuliikuza ile picha pamoja. Pembeni kulia, Mlingoti alionekana mpaka uzi wa kifungo cha shati lake. Kushoto vivyo hivyo. Mama akawa anapita uso kwa uso, anatabasamu, mpaka alipofika mstari wa kati, akasimama. Watu themanini na mmoja walikuwa safi kabisa. Mmoja alikuwa na ukungu tangu utosini hadi kidevuni.

"Huyu," mama akasema, "lenzi haihusiki."

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilitikisika."

Akacheka mpaka akafuta macho, kisha akafungua picha ya pili aliyoipiga palepale uwanjani, ambamo nilikuwa nimetulia.